Asili na Maana ya Ipo Siku

Katika nchi nyingine msimulizi akisema paukwa, wasikilizaji huitikia pakawa. Katika nchi hii anayeitikia ni Msemaji wa Serikali, naye huitikia baada ya kushauriana na wakubwa zake. Basi tumwache ashauriane, sisi tuendelee. Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Ina bendera, ina wimbo, ina barabara moja nzuri inayotoka uwanja wa ndege mpaka Ikulu, na ina Mlezi wa Taifa. Kabla ya Mlezi hapakuwa na kitu. Hivyo ndivyo vitabu vya shule vinavyosema, na vitabu hivyo aliviandika Nasibu Kirobo.

Nasibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Asili na Maana katika Wizara ya Majina na Utukufu, na kazi yake ilikuwa kuvitafutia asili tukufu vitu ambavyo tayari vilikuwa na asili ya kawaida. Kulikuwa na mto ukiitwa Matope. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mababu waliuita hivyo kwa kuuenzi udongo wa taifa. Kulikuwa na soko likiitwa Kwa Mwizi. Akagundua kwamba Mwizi alikuwa mpigania uhuru. Alikuwa na meza pana, kiti cha kuzunguka na usingizi mzuri. Hakuwahi kumdhuru mtu yeyote, isipokuwa ukweli, nao haukuwa na ndugu wa kwenda kuushitakia.

Mambo yaliharibika pale Mlezi alipoletewa mbwa.

Mbwa alikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa kutoka nchi rafiki. Alikuwa mrefu kama benchi la zahanati, na miguu yake ilikuwa mifupi kiasi kwamba tumbo lilifagia zulia. Balozi aliyemleta akaeleza kwamba jina la aina hiyo ya mbwa, kwa lugha ya kwao, lina maana ya mbwa wa melesi. Melesi, alisema, ni mnyama wa ukoo wa nyegere anayeishi mashimoni, na mababu wa balozi walimzalisha mbwa mwenye umbo hilo makusudi ili aweze kuingia shimoni kumtoa. Wageni wakapiga makofi. Mlezi hakupiga.

Kilichomuuma si mbwa, ni yale maelezo. Kumbe mbwa wa wenzake wana jina, jina lina maana, na maana ina historia, ilhali mbwa wa nchi yake huitwa mbwa, wakizidi sana huitwa toka hapa. Alimpa mbwa yule mgeni cheo cha meja na mlinzi wa kumwongoza ngazini, halafu akatoa Agizo. Taifa liwe na aina yake ya mbwa, yenye jina, maana na asili, na vyote vipatikane kabla ya mvua.

* * *

Kikosi cha Taifa cha Uteuzi wa Mbwa kilisambaa nchi nzima kwa helikopta. Mbwa wengi walikimbilia porini walipoona serikali inashuka kutoka juu, na wenye mbwa wakawafuata. Hatimaye kikosi kilirudi kutoka milima ya Mabwenje na mbwa mmoja dume, mwekundu kama udongo wa huko, sikio moja limesimama na jingine limelala. Makamanda walisema aina hiyo imejaa milima yote ya Mabwenje, na sifa yake kubwa ni kwamba hambwekei mtu anayekuja. Humtazama kwa adabu mpaka apite, halafu akishapita ndipo humbwekea.

Mlezi alimpenda papo hapo. Baraza la Mawaziri liliitwa kumtazama, na mbwa akalala juu ya kiatu cha Mlezi, jambo ambalo mawaziri wenyewe walikuwa wakilitamani kwa miaka.

Mlezi akauliza jina la aina hiyo. Kamanda, kijana wa mjini asiyejua kudanganya kwa haraka, akajibu kwamba watu wa Mabwenje humwita Ipo Siku.

Chumba kikawa kama kimemwagiwa maji ya mtungini. Waziri wa Afya alianza kukohoa akaacha katikati.

"Jina zuri," alisema Mlezi. "Marehemu baba naye alikuwa na mbwa. Akiitwa Siyo Leo. Namkumbuka baba akisimama barazani kila asubuhi akimwita kwa sauti kubwa. Watu wa zamani walijaliwa majina. Sasa hili la Ipo Siku lina maana gani, na asili yake ni nini?"

Mawaziri wote wakatazama viatu vyao. Kila mmoja wao alijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua.

* * *

Hapa inabidi kueleza jambo ambalo raia wote wa nchi hiyo wanalijua isipokuwa mmoja.

Vijijini kwao watu wanaishi karibu karibu. Wanachota maji kisima kimoja na wanazikana. Kumtukana jirani usoni ni kujifungia mlango ambao kesho utauhitaji. Kwa hiyo mtu akidhulumiwa, hatukani. Anatafuta mtoto wa mbwa, anampa jina la lile neno lililomkaa kooni, halafu asubuhi na jioni anamwita karibu na uzio, kwa sauti ambayo jirani hawezi kusema hakuisikia. Mwanamke anayesengenywa hufuga Mtasema Mtachoka. Msengenyaji akipata habari hutafuta wake akamwita Kweli Inauma. Kuna ugomvi wa mpaka uliodumu vizazi viwili bila wenyewe kusemezana hata neno moja, mbwa tu wakiitwa huku na huku, na siku ya msiba wote wakapika chungu kimoja. Hakuna mahakama inayoweza kuingilia, kwa sababu hakuna sheria inayomkataza mtu kumwita mbwa wake.

Mlezi hakuyajua hayo kwa kuwa alipelekwa kusoma ng'ambo akiwa bado anakojoa kitandani. Aliporudi alikuwa tayari mkubwa, na mkubwa haitiwi mbwa mbele yake.

Baba yake Mlezi alikuwa Mtemi Kigaro wa Mabwenje. Mtemi alilipenda bonde la mpunga la mkulima mmoja aitwaye Kirobo, na alipolipenda alilichukua. Kirobo hakubishana, kwa maana mwenye nguvu mpishe. Alitafuta mtoto wa mbwa jike, mwekundu, akamwita Ipo Siku, na tangu hapo kila asubuhi na jioni alipita mbele ya baraza la Mtemi akimwita. Mtemi alielewa siku ile ile. Angeweza kumchapa viboko, lakini kwa kosa gani? Alichofanya ni kutafuta mbwa wake na kumpa jina la Siyo Leo. Ikawa Kirobo akiita kutoka njiani, "Ipo Siku!", Mtemi huitikia kutoka barazani, "Siyo Leo!", na mbwa wawili wanasimama katikati wakishangaa wenyewe wana nini.

Ipo Siku alipozaa, majirani walikuja kuomba watoto wake. Mmoja alikuwa amenyang'anywa ng'ombe, mwingine kisima, mwingine binti. Hakuna hata mmoja aliyebadilisha jina. Ndivyo mbwa mmoja alivyokuwa ukoo, na ukoo ukawa aina, na aina ikaenea milima yote. Mtemi alikufa, Kirobo akafa, bonde likapokewa na Mlezi likazungushiwa seng'enge na kuitwa Shamba la Mapumziko ya Taifa, na bado mbwa wakaendelea kuitwa.

Kirobo huyo ndiye baba yake Nasibu. Katika miaka yake ya mwisho, kifua kilipombana, aliyetumwa kupita mbele ya baraza akimwita mbwa alikuwa Nasibu mwenyewe, mtoto wa kaptura, na sauti yake ilikuwa ikivuka bonde na kurudi. Na mbwa aliyelala juu ya kiatu cha Mlezi alichukuliwa, kwa jina la taifa, kutoka uani kwa Bi Tunu, mjane wa Kirobo, mama yake Nasibu.

* * *

Swali la Mlezi lilishuka kutoka kwa mawaziri wote hadi kwa Mheshimiwa Dogoli, Waziri wa Majina na Utukufu, naye akalishusha haraka kama mtu aliyeshikishwa sufuria la moto. Alimwita Nasibu ofisini akafunga mlango.

"Ndugu Kirobo, wewe ndiye mtaalamu," alisema. "Mimi mwanasiasa tu. Habari za mbwa sizijui kabisa."

"Mheshimiwa, si na wewe kwenu ni Mabwenje?"

"Kwetu tulifuga paka," alisema Waziri.

Nasibu alipouliza huku na huku aligundua kwamba viongozi wote wa nchi walikulia penye paka. Akarudi mezani kwake akakaa kwenye kiti cha kuzunguka bila kukizungusha. Ilikuwapo sheria, iliyoitwa Sheria ya Kulinda Heshima ya Mlezi na Waliomtangulia, inayosema kwamba atakayewavunjia heshima kwa mdomo, kwa maandishi, kwa mnyama au kwa kununa atapelekwa Kisiwa cha Tafakari, akae huko mpaka amalize kutafakari. Hakuna aliyewahi kumaliza. Nasibu alimfikiria mama yake, mwanamke mwenye magoti mabovu anayelala na taa ya kandili kichwani pa kitanda, akipandishwa mashua kwenda huko. Akaogopa. Aliogopa mpaka akasikia njaa.

Kisha akafanya alichozoea. Akagundua. Waaguzi wa kale wa Mabwenje, aligundua, waliona kwa macho ya rohoni kwamba mbele kuna siku kubwa, na ili watu wasiisahau wakawapa mbwa jina hilo.

Mlezi alimpokea bustanini. Mbwa alikuwa amelala pembeni. Alipomwona Nasibu akainuka, akamnusa magoti, akaanza kutikisa mkia kwa furaha, maana walikuwa wanafahamiana tangu Idi iliyopita. Nasibu akamsukuma kwa ndani ya mguu, polepole, huku akisoma.

Mlezi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, halafu akauliza, "Siku ya nini?"

Nasibu hakuwa amejiandaa kwa swali hilo, ingawa lilikuwa swali pekee lililokuwapo. Akisema siku ya neema, maana yake neema haijafika. Akisema siku ya ukombozi, ataulizwa ukombozi kutoka kwa nani. Akisema siku ya haki, afadhali aende akapande mashua mwenyewe. Aliangalia huku na huku bustanini, na kila njia aliyoiona ilikuwa na askari amesimama.

"Siku ya kuzaliwa kwako, Mtukufu Mlezi," alisema.

Mlezi akavua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

* * *

Njia ya mwongo ni fupi, lakini serikali ikiitengeneza kwa lami inaweza kufika mbali. Ndani ya wiki ilitungwa Sheria ya Mbwa wa Taifa. Kila kaya ifuge Ipo Siku. Kila asubuhi, saa Mlezi anapotoka kwenye roshani ya Ikulu kunywa chai, raia wakusanyike uwanjani na kumwita mbwa wao kwa sauti, kwa pamoja, kuikumbuka siku aliyozaliwa. Tendo hilo liliitwa Mwito. Atakayeita kwa sauti ndogo atatozwa faini.

Siku ya kwanza watu walikuja wamejikunyata. Walidhani ni mtego. Walisimama na mbwa wao wekundu, wakamtazama Mlezi juu akikoroga chai, na hakuna aliyethubutu. Mwishowe kibibi mmoja muuza maandazi akaita kidogo, karibu ajisemeshe mwenyewe. Hakuna aliyemkamata. Akaita tena, na mlinzi wa lango akamhimiza apaze sauti. Basi likaanza upande mmoja, likaenda upande wa pili, likarudi, mpaka vioo vya Ikulu vikatetemeka.

"Ipo Siku!" waliita. "Ipo Siku!"

Walilia. Watu wazima, wenye heshima zao, walilia waziwazi huku wakimwita mbwa. Mlezi naye kule juu alilia, akapunga mkono. Magazeti yaliandika habari za machozi ya upendo. Nchi nzima haikuwahi kutii sheria kwa moyo namna hiyo. Watu ambao zamani walibebwa na malori kuja kwenye mikutano sasa walikuja kwa miguu, na waliokosa mbwa walikuja wakiburuta kamba tupu. Askari waliita. Wauguzi waliita wakiwa njiani kwenda kazini. Hata Mheshimiwa Dogoli, aliyekulia penye paka, alionekana nyuma ya gari lake akiita mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, halafu akajifuta uso, akaingia garini akaenda ofisini.

Nasibu alipandishwa cheo. Aliwekewa gari, na watu barabarani walimsalimu kwa heshima ambayo hakuielewa, kana kwamba amefanya jambo kubwa kwa makusudi. Yeye alijua tu kwamba amekalia kuti kavu. Kila asubuhi aliposikia umma ukinguruma alihesabu ni watu wangapi wanajua, akapata jibu lile lile: wote. Siri iliyobebwa na nchi nzima ilikuwa ikisubiri mtu mmoja tu aambiwe, na aliyemdanganya mtu huyo alikuwa yeye. Usingizi ukamhama.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Mlezi akapata wazo. Watafiti ni wazuri, alisema, lakini asili hasa hutoka kinywani mwa wenyewe. Aletwe yule mama aliyechukuliwa mbwa, apewe cheo cha Mama wa Jina, na siku ya sherehe asimame mbele ya taifa, redio ikitangaza moja kwa moja, aeleze mwenyewe maana na asili ya Ipo Siku. Walipomwambia kwamba mama huyo ndiye aliyemzaa Nasibu, Mlezi alifurahi kupita kiasi. Alimkumbatia Nasibu. Nasibu alisimama ndani ya kumbatio hilo kama gunia.

* * *

Alimkuta mama yake uani Mabwenje akipeta mchele kwenye ungo. Mchele wenyewe ulikuwa wa kununua. Nyuma ya seng'enge, chini, bonde lilikuwa kijani kibichi mpaka linaumiza macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Na gari lote hilo."

Alimweleza yote. Alimweleza habari za sherehe, cheo, redio na swali atakaloulizwa, akamwomba ajibu kwamba siku hiyo ni siku ya kuzaliwa kwa Mlezi, basi, halafu akae chini. Bi Tunu aliendelea kupeta. Akauliza kama na pumba ziseme ni mchele.

"Mama, huko Kisiwani watu hawarudi."

"Najua. Mjomba wako yuko huko."

"Basi sema umesahau. Umri wako unaruhusu."

Bi Tunu akaweka ungo chini. "Nisahau lile bonde? Kila nikifungua mlango lipo. Nimemwita mbwa huyu tangu nilipoolewa humu, Nasibu. Sijamtukana mtu, maana sina tabia hiyo. Lakini sijawahi kumwita kwa uongo. Wewe ndiye uliyefanya watu wote wale wamwite kwa uongo."

"Hawamwiti kwa uongo, mama," alisema Nasibu, na aliposikia alichosema alitazama nyuma kuona kama dereva yuko karibu.

Kwa mara ya kwanza tangu Nasibu afike, mama yake alicheka. Akasema atamjibu yule mtoto wa Kigaro kile atakachoulizwa, si zaidi, na kwamba hakumlea Nasibu na kumfundisha kusema ili aje amfunge yeye mdomo. Kisha akamkaribisha wali.

Aibu ilimshika Nasibu pale alipokuwa anakula. Alikula hivyo hivyo.

* * *

Siku ya sherehe uwanja ulijaa mbwa na watu mpaka ardhi haikuonekana. Bi Tunu alipandishwa jukwaani na kukalishwa kwenye kiti cha kifalme kilichompita kimo, miguu ikining'inia. Nasibu alisimama nyuma yake. Mlezi akashuka roshani kwa mara ya kwanza, akiongoza kwa mnyororo wa fedha yule mbwa dume mwekundu, ambaye alipomwona Bi Tunu alimburuta Mlezi hatua za mwisho mpaka kofia ikamwenda upande.

Mlezi akachukua kipaza sauti. Alizungumza juu ya mbwa na mataifa, juu ya mataifa yasiyo na mbwa, juu ya umuhimu wa maana katika uchumi. Kisha akamgeukia Bi Tunu akamwomba alieleze taifa.

"Hujaniamkia, mwanangu," alisema Bi Tunu.

Uwanja mzima ukavuta pumzi. Mlezi, ambaye hakuwa amemwamkia mtu kwa miaka mingi, alitafuta neno hilo akalipata mahali fulani nyuma kabisa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uliza sasa."

"Ipo siku ya nini, mama?"

Nasibu alifumba macho.

"Baba yako alijua," alisema Bi Tunu kwa upole. "Mume wangu akipita pale njiani, akimwita mbwa wetu, Ipo Siku, baba yako alikuwa akimjibu. Siku mume wangu alipougua, huyu mwanangu hapa ndiye aliyepita akiita. Sauti yake ilikuwa inavuka bonde. Na baba yako akamjibu vile vile, kwa kumwita mbwa wake. Wewe ulikuwa ukija likizo ukimshika mkia yule mbwa. Akiitwa nani vile? Mie uzee huu."

Mlezi alitabasamu. Kumbukumbu ilikuwa tamu, nayo ilifika mdomoni kabla ya akili. "Siyo Leo," alisema kwenye kipaza sauti, na redio ikalipeleka neno hilo nchi nzima.

Halafu akalisikia.

Hakuna aliyecheka. Watu walimtazama tu, kwa adabu, na mbwa wao nao wakamtazama kwa adabu. Tabasamu lilimkauka Mlezi usoni polepole. Aliutazama uwanja, akautazama tangu mwanzo, asubuhi zile zote, chai zile zote, mikono yote aliyopunga. Alitazama walinzi wa lango. Alimtazama Dogoli. Midomo yake ilisogea kana kwamba anahesabu wale wasiojua, na hakupata wa kuanza naye.

Angeweza kumpeleka mama yule Kisiwani, lakini kwa kosa gani? Mama ameuliza jina la mbwa. Aliyelisema ni yeye. Angeweza kuufuta Mwito, lakini akiufuta kesho, keshokutwa kila mtoto atajua kwamba Mlezi amejua. Alisimama pale, mnyororo wa fedha mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na pa kwenda. Kwa hiyo akapiga makofi. Uwanja ukapiga makofi. Bi Tunu akapewa cheti na khanga.

Katikati ya makofi hayo Mlezi alimwinamia Nasibu. "Ulijua?"

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Nasibu alitafuta asili nyingine hakuipata. "Nilijua, Mtukufu."

"Mama yako anasema una sauti," alisema Mlezi.

* * *

Mtu asidhani kwamba Nasibu Kirobo aliadhibiwa. Alipandishwa cheo tena. Sasa ni Mwitikiaji Mkuu wa Taifa, anaishi ndani ya Ikulu, katika nyumba nzuri yenye lango linalofunguka kwa nje tu. Mkewe huruhusiwa kuja kumwona Jumapili na kuzungumza naye dirishani. Mbwa mwekundu amekabidhiwa yeye, na amepewa, kwa tangazo la serikali, jina jipya la Siyo Leo.

Mwito haukufutwa. Kila asubuhi watu huja na mbwa wao. Mlezi hatoki tena roshani. Hukaa nyuma ya pazia na chai yake, na anayesimama pale juu badala yake ni Nasibu na mbwa. Bi Tunu alikataa kurudi Mabwenje. Amepanga chumba karibu na soko la Kwa Mwizi, na huja mapema apate nafasi ya mbele, karibu na ukuta, akiwa na mtoto wa mbwa mwekundu chini ya mkono. Yeye ndiye huanza.

"Ipo Siku!"

Umma huitikia nyuma yake, na ukishatulia, Nasibu hujaza kifua na kupaza sauti ile iliyokuwa ikivuka bonde.

"Siyo Leo!"

Hapo huwa anamwona mama yake vizuri, uso umeinuliwa. Hamkasirikii. Humtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyetumwa na watu wengine, na hilo ndilo linalomuuma Nasibu kuliko yote.

Tatizo lililobaki ni dogo, na Wizara inalishughulikia. Mbwa hajalijua jina lake jipya. Nasibu akiita Siyo Leo, hageuzi hata sikio lile lililosimama. Lakini Bi Tunu akiita kule chini jina lake la zamani, huruka akavuta kuelekea ukingoni kwa nguvu zake zote, na nguvu zinaongezeka, maana Ikulu wanamlisha nyama. Nasibu humshika mnyororo kwa mikono miwili. Mikono siku hizi imeanza kuchoka, naye hajamwambia mtu.